Kabla shule haijafungwa: mambo ya kuzingatia kwa mzazi na mhitimu wa kidato cha nne

Katika sekondari zetu za Tanzania, mwisho wa mwaka hauanzi Desemba. Unaanza Septemba kadi za mahafali zinaposambazwa, na unakwisha Januari pale Baraza la Mitihani, NECTA, linapotangaza matokeo. Katikati hapo kuna mtihani wa taifa wa Novemba, upimaji wa kidato cha pili, mitihani ya ndani, kikao cha wazazi, kukabidhi vitu vya shule na msongamano wa mabasi. Familia nyingi hujiandaa vizuri kwa jambo moja tu kati ya hayo, nalo ni mahafali, kwa kuwa ndiyo yenye joho, keki na picha. Mengine hushtukiwa yakiwa yamekwisha kuharibika.

Basi tuyamalize mahafali kwanza. Hufanyika kabla ya mtihani, mara nyingi Septemba au Oktoba, kwa hiyo mtoto huvikwa joho na kupongezwa kwa kuhitimu wakati mtihani wenyewe bado hajaufanya. Hakuna ubaya, mradi nyumbani asidhani kazi imekwisha. Ulizeni mapema mchango ni kiasi gani na unalipia nini: chakula, joho, kukodi viti na muziki, albamu? Shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne tangu mwaka 2016, na tangu 2022 msamaha huo umefika hadi kidato cha sita, lakini sherehe ni makubaliano ya wazazi wenyewe. Mzazi asiye na uwezo aseme kwenye kikao, asisubiri mtoto aone aibu mbele ya wenzake. Na wanaoandaa risala nawaomba jambo moja. Karibu kila risala humwomba mgeni rasmi bwalo, gari, kompyuta, uzio na kisima kwa pumzi moja. Ombeni kimoja, kwa kipimo na makadirio ya gharama, na mpeni nakala aondoke nayo.

Sasa jina. Hili ndilo ningependa kila mzazi alishughulikie hata kama mengine yote atayaacha. Jina litakalochapwa kwenye cheti cha kidato cha nne ni lile lililosajiliwa NECTA, na kwa kawaida hufuata kumbukumbu ambazo mtoto alitoka nazo shule ya msingi. Huko darasa la kwanza mwalimu aliandika alivyosikia: Yusuph badala ya Yusufu, Zuhra badala ya Zuhura, jina la babu likaachwa, au ukoo ukawekwa mahali pa jina la baba. Miaka kumi na moja baadaye kosa lile lile linachapwa kwenye cheti cha taifa. Halitaonekana kuwa tatizo hadi siku mtoto anaomba mkopo wa elimu ya juu, ambapo Bodi ya Mikopo hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na majina yanalinganishwa. Hapo ndipo safari za kwa wakili na hati za kuthibitisha majina zinapoanza, kwa gharama na kwa haraka.

Kwa hiyo nenda shuleni na cheti cha kuzaliwa mkononi. Mwombe mwalimu wa taaluma akuonyeshe orodha ya usajili, kisha soma herufi kwa herufi. Usiridhike na kuambiwa kuwa jina lipo. Mtoto ambaye hana kabisa cheti cha kuzaliwa aanze kukifuatilia sasa, kabla ya Desemba ambapo ofisi na watumishi wengi wako likizo. Hata mtoto wa kidato cha kwanza akaguliwe jina lake leo, maana kusahihisha mapema ni rahisi kuliko kusahihisha baada ya cheti kuchapwa.

Linalofuata kwa uzito ni Selform, fomu ya TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa) ambayo mwanafunzi wa kidato cha nne hujaza kuonyesha tahasusi, yaani michanganyiko ya masomo matatu ya kidato cha tano, na vyuo anavyotaka. Hujazwa shuleni, mara nyingi kwa makundi, kwenye kompyuta chache na mwalimu amesimama nyuma akiharakisha foleni. Mzazi huja kulisikia neno hilo siku mtoto anapopangiwa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) wakati nyumbani wote wanamsubiri daktari. Kaeni mezani kabla ya siku hiyo. Leteni matokeo ya moko, yaani mtihani wa majaribio, hata kama yanauma, kwa sababu tahasusi huchaguliwa kwa masomo anayoyaweza mtoto, si kwa cheo anachokitamani mjomba. Mwaka 2024 orodha ya tahasusi ilipanuliwa hadi 65, kwa hiyo ushauri wa kaka aliyemaliza zamani, kwamba zipo PCM, PCB, EGM, HGL na nyingine chache, umepitwa na wakati.

Vigezo navyo vijulikane. Kwenda kidato cha tano shule ya serikali mwanafunzi huhitaji alama C katika masomo yasiyopungua matatu yasiyo ya dini, na pointi zake, ambazo zikiwa chache ndiyo bora, zisizidi 25 katika masomo saba. C huanzia 45, B 65, A 75, na D 30. Anayelenga stashahada ya utabibu asiitupe Fizikia eti anaichukia, kwa sababu vyuo vya afya huitazama pamoja na Kemia na Baiolojia. Baada ya matokeo kutoka, serikali hufungua dirisha la kubadilisha machaguo kwa muda mfupi, na hapo ndipo wengi hukwama: namba ya siri ya kuingilia Selform walijaziwa na rafiki, au waliiandika nyuma ya daftari lililokwisha fungiwa maandazi. Iandikwe sehemu mbili, moja kwa mzazi.

Kuhusu mtihani wenyewe sitawafundisha walimu kazi yao. Mimi natazama yale ya nje ya darasa. Novemba ni kipindi cha vuli katika mikoa ya pwani na kaskazini, na mto ambao mtoto huuvuka kwa miguu mwezi wa nane unaweza kuwa haupitiki asubuhi ya mtihani wa Hisabati. Mitihani ya asubuhi huanza saa 2:00 na ya mchana saa 8:00, na mvua haijui ratiba. Ndiyo maana shule nyingi za kutwa huweka kambi, wazazi wakichangia mahindi, maharage na mafuta ya kupikia. Ikiwa shule yenu haina kambi, mtafutieni mwanafunzi pa kulala karibu na shule, kwa shangazi, kwa mwalimu wa kike kama ni binti, au kwa familia mnayoiamini. Hakikisheni pia ana kalamu zaidi ya mbili, rula, kompasi na kikotoo kinachoruhusiwa, na kwamba anajua simu haiingii chumba cha mtihani hata ikiwa imezimwa. Kukutwa nayo kunaweza kufuta matokeo yote. Akiugua, apelekwe hospitali na mkuu wa shule ajulishwe saa hiyo hiyo. Kunyamaza halafu kueleza baada ya wiki hakusaidii kitu.

Wakati huo huo kidato cha pili nao wako kwenye upimaji wa taifa, na hapa wazazi wengi hulala. Wanadhani ni mtihani wa kawaida wa kupandia darasa. Unaendeshwa na NECTA, una namba ya mtahiniwa, na asiyefikia kiwango hukariri mwaka.

Kwa kidato cha kwanza na cha tatu mambo ni mepesi: fika kwenye kikao, chukua ripoti, usome alama kabla ya nafasi. Kuwa wa tano kati ya wanafunzi 60 kunapendeza kutaja, lakini kama Hisabati ni 22, hiyo ni F popote atakapokwenda.

Bweni linapofungwa, vitu vya shule hurudishwa na vya mtoto huondoka naye. Vitabu vya kiada vilivyoazimwa ndivyo huleta mzozo, kwa sababu mwanafunzi alisaini mwaka jana na kitabu kimepita mikono mitano. Avitafute wiki mbili kabla, si asubuhi ya kuondoka. Godoro, ndoo, jembe na fyekeo: amueni kama vinarudi nyumbani au anamwachia mdogo wake anayebaki. Tranka liwekwe jina kwa rangi, kwa kuwa kwenye buti la basi matranka yote hufanana.

Na mabasi. Kila Desemba Stendi ya Magufuli pale Mbezi hufurika watu wanaokwenda Moshi na Arusha kula Krismasi, nafasi hujaa, wapiga debe hupandisha bei, na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, hulazimika kusimamia nauli na kuruhusu magari ya ziada. Mzazi wa Dar es Salaam mwenye mtoto anayesoma Kilimanjaro huingiwa hofu bure. Mtoto wake anasafiri kinyume cha mkondo: Desemba anashuka Dar wakati dunia nzima inapanda, na Januari anapanda wakati dunia inashuka. Wenye shida halisi ni wale wanaosoma Dar au Morogoro na kwao ni kaskazini. Hao wakatiwe tiketi mapema, kwa jina la mwanafunzi, na walipe kiasi kilichoandikwa kwenye tiketi. Kwa wa Dodoma na Morogoro kuna treni ya reli ya kisasa, SGR, tangu mwaka 2024, na tiketi zake nazo zinapotea haraka karibu na sikukuu. Mtoto asisafiri usiku peke yake. Awe na namba mbili za simu kwenye karatasi, kwa sababu simu yake ikiisha chaji au ikiibwa stendi, namba zote zinakwenda nayo. Walio shule moja na wanaokwenda njia moja wapande gari moja, na mzazi mmoja awapokee wote.

Mhitimu wa kidato cha nne akishafika nyumbani mwishoni mwa Novemba ana kipindi kirefu mbele yake. Matokeo hutoka Januari na kidato cha tano huanza Julai. Hiyo ni takriban miezi saba, na miezi saba bila mpango kwa kijana wa miaka 17 ni mingi. Wengine hupelekwa tuisheni ya kujiandaa na kidato cha tano kabla hata ya kujua kama wamefaulu. Mimi ningengoja hadi Januari. Kabla ya hapo ajifunze kitu cha mikono au cha kompyuta, au asaidie shamba na duka kwa malipo yanayoeleweka. Anayefikiria VETA, yaani vyuo vya ufundi stadi, asisubiri matokeo ndipo aulize, kwa sababu kozi ndefu huanza Januari na fomu hutoka miezi kadhaa kabla. Anayeona mapema kwamba atarudia baadhi ya masomo ajue kwamba usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufanyika mwanzoni mwa mwaka, hivyo uamuzi unahitaji kufanywa siku chache tu baada ya matokeo. Na kwa wazazi wa binti aliyekatiza masomo kwa ujauzito: Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 uliruhusu arudi shuleni. Nendeni kwa mkuu wa shule sasa, muulize anatakiwa kuripoti lini na kuanzia kidato gani.

Kabla ya kuaga, mhitimu apite kwa katibu muhtasi wa shule. Aulize kama cheti chake cha kumaliza shule kiko tayari, ahakikishe hadaiwi chochote, na aache namba ya simu ya nyumbani ambayo haitabadilishwa mwaka kesho. Namba yake ya mtahiniwa aipige picha na kuituma kwa mzazi, maana ndiyo itakayotumika kutafuta matokeo. Vyeti vya NECTA hufika shuleni miezi mingi baada ya matokeo, wakati yeye yuko mkoa mwingine, na hukabidhiwa kwa kusaini. Kama nyumbani ni mbali, aulize siku hiyo hiyo shule inataka nini ili ndugu amchukulie: barua, kitambulisho, au aje mwenyewe tu.