Kuhakiki Hadithi Fupi kwa Kuanzia na Mgogoro

Mwanafunzi wa kidato cha tatu anapopewa hadithi aihakiki, mara nyingi huorodhesha vipengele vya fani na maudhui kama alivyovikariri, kisha hutafuta cha kujazia kila kipengele. Katika madarasa ninayofundisha hapa Mtwara huwa ninaugeuza utaratibu huo, na nitauonyesha kwa kisa hiki nilichokitunga kwa ajili ya zoezi.

Mjane wa kijiji kimoja cha Newala anauza korosho zake mwezi Julai, mikorosho ingali katika maua, ili amnunulie bintiye sare za shule. Anaziuza kwa kangomba, yaani nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani (ambao mazao hukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada), na kwa bei aliyojipangia mnunuzi, ambaye ni shemeji yake. Oktoba minada inafunguliwa, na bei ni mara tatu ya aliyolipwa. Jua linawakodolea macho shambani. Binti anauliza, "Mama, mbona magunia yetu yanakwenda kwa baba mdogo?" Mama anainama, anaokota korosho nyingine.

Hatua ya kwanza: tafuta mgogoro. Jiulize nani anataka nini na ni nini kinachomzuia. Mgogoro wa kiuchumi kati ya mjane na shemeji unaonekana upesi. Usiishie hapo, kwa sababu upo pia mgogoro wa nafsi, wa mama anayejua kwamba sare alizonunua zimegharimu msimu mzima na hawezi kumwambia mtoto.

Hatua ya pili: chambua wahusika kwa matendo na kauli zao. Mhusika mkuu si lazima awe anayesema sana. Hapa mjane hatamki neno lolote, lakini uamuzi wake ndio unaosukuma matukio. Shemeji, ambaye tunamwona kwa upande mmoja tu, ni mhusika bapa.

Hatua ya tatu: ijaribu mandhari kwa kuihamisha. Tukimpeleka mjane huyu Mikindani akawa muuza samaki, anayevua leo na kuuza leo, ile miezi kati ya maua na mnada inatoweka, na kisa kinavunjika. Mandhari, basi, ni mahali pamoja na wakati, na katika kisa hiki wakati ndio wenye uzito zaidi.

Muundo hauhitaji maelezo marefu: matukio yanafuatana moja kwa moja kuanzia Julai hadi Oktoba, na msimulizi anatumia nafsi ya tatu. Kama kisa kingeanzia kwenye swali la binti kisha kikarudi nyuma, tungeuita muundo rejea.

Hatua ya nne: eleza kazi ya lugha. Kusema kwamba "jua linawakodolea macho" ni tashihisi ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni kueleza kuwa jua limepewa macho ili mjane ajione anatazamwa katika aibu yake.

Hatua ya tano, ambayo huwasumbua wengi, ni kutenganisha dhamira na ujumbe. Dhamira ni jambo ambalo mwandishi analishughulikia, kwa mfano unyonyaji ndani ya ukoo. Ujumbe ni funzo ambalo msomaji analipata kutokana na jinsi jambo hilo lilivyoshughulikiwa, kwa mfano kwamba undugu usiozingatia haki humfukarisha aliye mnyonge. "Umaskini" peke yake, jibu ambalo ninakutana nalo katika kila rundo la madaftari, ni mada pana mno.

Mwisho, andika aya yenye dai, ushahidi na ufafanuzi, kama hii: "Mwandishi anaonyesha unyonyaji ndani ya ukoo. Binti anauliza kwa nini magunia yanakwenda kwa 'baba mdogo', jina ambalo kwa kawaida ni la mlezi. Kwa kuliweka jina hilo katika swali kuhusu mali iliyopotea, mwandishi anatuonyesha mlezi aliyegeuka mnunuzi."