Msimwandikie Mwanangu Urithi: Mtego wa Dola 2,000 kwa Wazazi Tulio Marekani

Kama una mtoto mwenye ulemavu hapa Marekani na anapokea posho ya serikali iitwayo SSI, piga simu nyumbani leo uwaambie wasimwandikie kitu. Wasimwandikie kiwanja, wasimwandikie ng'ombe, wasimtumie hela kwenye akaunti yake. Najua utaonekana unamnyima mtoto haki yake. Mawifi zangu walisema Marekani imenigeuza roho. Waache waseme.

Hesabu yenyewe ni fupi. SSI ni posho ya wazee na watu wenye ulemavu wasio na kipato cha kutosha. Kwa mwaka 2025 kiwango cha juu cha serikali kuu kilikuwa dola 967 kwa mwezi kwa mtu mmoja. Anayeipokea haruhusiwi kuwa na mali inayozidi dola 2,000. Kiwango hicho hakijaguswa tangu 1989, Mwalimu akiwa bado mwenyekiti wa CCM. Kila kitu kimepanda bei tangu hapo, ila maskini wa Kimarekani anatakiwa abaki na umaskini wa 1989. Nyumba anayoishi haihesabiwi, gari moja halihesabiwi, vyombo vya ndani havihesabiwi. Fedha za benki zinahesabiwa, na zinatazamwa mwezi unapoanza. Tarehe mosi ikikuta dola 2,001, mwezi huo hana posho.

Wala posho siyo hasara kubwa. Hasara kubwa ni Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Hapa Texas, na katika majimbo mengi, SSI ndiyo mlango wa kuingilia Medicaid, na Medicaid ndiyo inayolipa hospitali, dawa, na yule dada anayekuja kumwogesha na kukaa naye ili wewe uende kazini. Huduma hizo za nyumbani Texas zina orodha ya kusubiri inayokwenda kwa miaka, wengine zaidi ya kumi. Ukishaingia, hutaki sababu yoyote ya kutolewa.

Sasa yaliyonipata. Baba yangu alifariki Moshi bila wosia. Kikao cha ukoo kikakaa, muhtasari ukaandikwa, mahakama ya mwanzo ikamteua kaka mkubwa kuwa msimamizi wa mirathi. Mambo hayo mnayajua. Mwanangu ana usonji, ni mtu mzima sasa, na babu yake alimpenda mno. Wajomba zake wakasema kwa roho safi kabisa: huyu asisahaulike, kila mmoja wetu amkatie kidogo katika fungu lake. Kwa kuwa kazaliwa huku na si raia wa Tanzania, wakaona kumwandikisha ardhi kutaleta mzozo. Wakauza kiwanja kimoja, wakatuma fedha moja kwa moja kwenye akaunti yake, ile ile inayoingia SSI. Walitaka kunishtukiza kwa furaha. Walinishtukiza kweli.

Fedha zilizoingia zikahesabiwa kuwa kipato cha mwezi ule, na zilizobaki mwezi uliofuata zikawa mali. Posho ya mwezi ule ilikuwa imeshalipwa, kwa hiyo ilikuja barua ya kuidai irudishwe, halafu posho yenyewe ikasimama. Barua ya namna hiyo ikikufikia usiiweke juu ya friji. Una siku 60 za kukata rufaa, na ukiikata ndani ya siku 10 tangu uipokee unaweza kuomba malipo yaendelee wakati shauri linasikilizwa. Mabadiliko yoyote ya fedha yaripotiwe kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata.

Kila mtu kwenye kundi la WhatsApp la familia alikuwa na dawa yake. Zirudishe Moshi. Mpe dada yake azitunze. Kataa tu urithi. Zote ni sumu. Mpokeaji wa SSI akitoa mali yake bure, hata kwa ndugu, anaweza kufungiwa posho hadi miezi 36. Kuukataa urithi ambao tayari ni wake nako kunahesabiwa vivyo hivyo. Na kuhusu kuficha, sitaki hata kujibu, wanaoulizana "watajuaje?" hawajui kompyuta za nchi hii zinavyosalimiana.

Hapa ndipo penye uchungu, someni polepole. Amana (trust) ni mfuko wa mali unaoshikwa na mdhamini kwa manufaa ya mtu mwingine. Sheria inajua amana za aina mbili kwa mtu mwenye ulemavu. Ya kwanza hujazwa fedha za watu wengine: za wazazi, babu, wajomba. Fedha hizo hazijawahi kuwa za mtoto, hazihesabiwi kwenye zile dola 2,000, na siku akifariki kinachobaki kinakwenda kwa uliowaandika, dada yake kwa mfano. Ya pili hujazwa fedha zake mwenyewe. Hiyo lazima ianzishwe na kujazwa kabla hajafika miaka 65, na akifariki Medicaid ya jimbo inajilipa kwanza kila ilichomtumia maisha yake yote ndipo warithi waone kilichobaki. Tangu Desemba 2016 mtu mwenye ulemavu anaweza kuianzisha mwenyewe. Zamani alihitaji mzazi, babu au bibi, mlezi wa kisheria au mahakama.

Wajomba wa mwanangu walikuwa wanatoa zawadi kutoka mafungu yao. Wangeweza kuziingiza kwenye amana ya aina ya kwanza bila tatizo lolote. Lakini zilipita kwenye jina lake, na fedha ikishagusa jina lake haina njia ya kurudi kuwa ya mtu mwingine. Ikabidi ziende aina ya pili. Kwa hiyo kiwanja cha baba yangu, kilichopandwa kahawa tangu nikiwa mdogo, mrithi wake wa mwisho huenda akawa jimbo la Texas.

Narudia: ISIGUSE JINA LAKE. Isipite hata siku moja.

Basi mlio na wazazi hai, andaeni amana ya aina ya kwanza sasa, hata ikiwa tupu, kisha waambieni wazee waandike kwenye wosia kwamba sehemu ya mjukuu iende kwenye amana hiyo, kwa jina kamili la amana na tarehe iliposainiwa. Kama hakuna wosia, maneno hayo yaingie kwenye muhtasari wa kikao. Wakenya, nanyi chungeni jina linaloingia kwenye cheti cha kuthibitisha mirathi. Shamba lililo kwa jina la mtoto nyumbani nalo ni mali, hata kama hajawahi kulikanyaga, na SSI huuliza mali popote ilipo.

Mtego huo huo mnao ninyi wenyewe mifukoni. Bima ya maisha ya kazini uliyomwandika mtoto kuwa mnufaika siku ya kwanza ya ajira, 401(k) yako (akiba ya uzeeni ya kazini), akaunti ya benki yenye jina lake la kupokea ukifa: zote zitamfikia mkononi. Badilisha iandikwe amana. Wakili mmoja aliwahi kuniandikia wosia wa kugawa kila kitu sawasawa kwa watoto, akanipongeza kwa uadilifu. Tafuteni wakili anayefanya amana za mahitaji maalumu kila siku. Ni ghali, elfu kadhaa za dola. Kwa fedha kidogo kuna amana za pamoja zinazosimamiwa na mashirika yasiyo ya faida. Hapa kwetu The Arc of Texas wanayo.

Michango nayo. Watanzania tunachangiana kwa haraka kuliko tunavyofikiri, na mtoto akilazwa, mtu anafungua mchango kwa jina la mgonjwa. Asante sana, lakini hapana.

Kwa zawadi ndogo ndogo kuna akaunti ya ABLE, ya akiba ya watu wenye ulemavu, iliyowekwa na sheria ya 2014. Kwa 2025 ilipokea hadi dola 19,000 kwa mwaka, na dola 100,000 za kwanza SSI haizihesabu. Ulemavu ulipaswa kuanza kabla ya miaka 26. Kuanzia Januari 2026 ni kabla ya 46. Akifariki, jimbo laweza kudai salio lake.

Mdhamini wa amana asimpe mtoto fedha taslimu, maana posho itapunguzwa karibu dola kwa dola. Amlipie muuzaji: simu, kitanda, tiketi, masomo. Chakula hakipunguzi posho tena tangu 30 Septemba 2024, ila kodi ya nyumba bado inapunguza. Na msimweke mjomba wa Dar kuwa mdhamini, wala msimpe kura ya turufu. Asiye mtu wa Marekani akishika maamuzi makubwa, amana inageuka ya kigeni machoni pa watu wa kodi, na fomu zake zitakutoa jasho. Vilevile ukipokea wewe zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka kutoka kwa mtu wa nje au mirathi yake, kuna Fomu 3520 ya kuwaarifu watu wa kodi. Hailipiwi kodi, ila ukiisahau faini yake inauma.

Nchi hii inanishangaza. Basi la mjini linateremsha ubao wa kupandishia kiti cha magurudumu, dereva anashuka kufunga mikanda, abiria wanasubiri bila kuguna. Sijawahi kusikia mtu akiuliza ukoo wetu ulikosea nini, swali nililoulizwa na watu wa kwetu tena kanisani. Lakini ni nchi hiyo hiyo inayomwambia mlemavu: tutakusaidia mradi usiwe na akiba. Sisi tulizoea kwamba bima ya mtoto ni ukoo, kila mtu anamtupia kidogo. Hapa huko kumtupia kidogo ndiko kunakomwangusha. Nimemweleza hivyo kaka yangu, akanyamaza muda mrefu, akasema sheria hiyo aliitunga mtu asiye na wapwa.

Mtoto akifika miaka 18, kipato chenu wazazi hakihesabiwi tena, kwa hiyo aliyekataliwa utotoni aombe upya. Pia hamtakuwa tena wasemaji wake kisheria; kabla ya kukimbilia mahakamani kuomba ulezi, ulizeni kuhusu makubaliano ya kusaidiwa kuamua, ambayo Texas ilikuwa jimbo la kwanza kuyawekea sheria, 2015.

La mwisho, kwa wanaopanga Krismasi nyumbani: akikaa nje ya Marekani siku 30 mfululizo, SSI inasimama, na akirudi lazima akae hapa siku 30 mfululizo ndipo ianze tena. Tiketi ya wiki tatu inatosha kumsalimia bibi.