Namna ya Kupanga Marejesho ya Madeni na Kuzungumza na Wanaokudai

Mtu anayedaiwa na watu wanne kwa wakati mmoja kwa kawaida hulipa kwa kufuata kelele: aliyepiga simu asubuhi ndiye anayelipwa jioni, na yule mpole huambiwa asubiri mwisho wa mwezi. Utaratibu huo humaliza mshahara bila kupunguza deni, kwa sababu ukali wa mdai hauna uhusiano wowote na gharama ya mkopo wake. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mdaiwa wa Tanzania, awe mwajiriwa au mfanyabiashara mdogo, ambaye bado ana kipato lakini kipato hicho kimezidiwa na marejesho. Dawa ya deni ni kulipa, hilo halina ubishi. Linalohitaji kufikiriwa ni nani alipwe kwanza, kwa kiasi gani, na kwa makubaliano yapi.

Andika kila kitu kabla ya kumpigia mtu simu

Tumia daftari moja. Kwa kila deni andika jina la anayekudai, kiasi ulichopokea mkononi, kiasi ulichokwisha kurejesha, riba ya kila mwezi, tarehe ya marejesho, dhamana uliyoweka na jina la aliyekudhamini. Kiasi ulichopokea mkononi ni muhimu kuliko kile kilichoandikwa kwenye mkataba, kwa kuwa mkataba unaweza kusema shilingi 500,000 ilhali wewe ulipewa 440,000 baada ya kukatwa ada ya fomu, bima na gharama za uendeshaji, na tofauti hiyo ni sehemu ya bei ya mkopo hata kama haikuitwa riba. Deni la duka la jirani na lile la shemeji nayo yaingie humo humo, kwa sababu yatakuja kudaiwa siku ambayo hukuyapangia.

Kwa mkopo wa benki, omba tawi lako likupe taarifa ya mkopo inayoonyesha salio halisi. Unaweza pia kuomba taarifa yako ya ukopaji kutoka kampuni zinazotunza kumbukumbu za wakopaji nchini, kama vile Creditinfo na Dun & Bradstreet, na usishangae ukikuta mkopo uliokwisha kuumaliza bado unasomeka kuwa haujalipwa. Kisha mwonyeshe mwenza wako daftari hilo. Naelewa aibu iliyopo, lakini mpango wa marejesho unaofichwa ndani ya nyumba huvunjika mara ya kwanza mwenza anapoomba fedha ya jambo la haki kabisa ambalo wewe huwezi kueleza kwa nini hulimudu.

Hesabu inayofuata ndiyo inayoamua kama mpango utadumu. Toa kwanza kodi ya nyumba, chakula, nauli ya kwenda kazini, umeme, maji, dawa na mahitaji ya watoto shuleni. Kinachobaki ndicho fedha ya madeni. Wadaiwa wengi hufanya kinyume, yaani huahidi kile ambacho mdai amekitaka, halafu ifikapo tarehe 15 hukopa upya ili familia ile. Mfanyabiashara atoe pia mtaji wa kuzungushia biashara, maana mama lishe anayelipa rejesho kwa fedha ya kununulia mchele na mafuta ya kesho amekata tawi alilokalia. Ahadi za michango ya harusi na sherehe zisimame kwa muda, na ni heri kusema hivyo mapema kwa wenye shughuli kuliko kujificha.

Nani alipwe kwanza

Pima kila deni kwa mambo mawili: linakugharimu kiasi gani kwa mwezi, na utapoteza nini usipolilipa. Kodi ya nyumba na deni lenye dhamana ya nyumba unayoishi hutangulia kwa sababu ya kipimo cha pili. Baada ya hapo, fedha yote ya ziada ielekezwe kwenye deni lenye riba kubwa kuliko yote, huku mengine yakipewa kiasi kidogo kilichokubaliwa ili yasichukuliwe kuwa yametelekezwa.

Chukua mfano wa mtumishi ambaye baada ya mahitaji ya lazima anabakiwa na shilingi 120,000 kwa mwezi. Anadaiwa 900,000 na SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, kwa riba ndogo, 80,000 na duka la mtaani bila riba, 200,000 na kaka yake, na 300,000 na mkopeshaji wa mtaani anayetoza asilimia 20 kwa mwezi, ule mkopo ambao watu wameubatiza jina la kausha damu. SACCOS imekubali 30,000 kwa mwezi, duka limekubali 10,000, na kaka amekubali kusubiri. Zimebaki 80,000 za mkopeshaji wa mtaani. Katika mwezi wa kwanza riba peke yake ni 60,000, hivyo deni linapungua kwa 20,000 tu. Akiendelea bila kukosa hata mwezi mmoja, atamaliza mwezi wa nane akiwa amelipa takriban shilingi 610,000 kwa mkopo wa laki tatu. Na kama angekuwa analipa 60,000 tu kila mwezi, angetoa 720,000 kwa mwaka mzima na bado angedaiwa laki tatu ile ile.

Sasa badilisha jambo moja tu, riba iwe asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa rejesho hilo hilo la 80,000, deni linakwisha mwezi wa tano kwa malipo madogo ya takriban 7,300, na jumla yote ni kama 327,000. Kwa sababu hiyo, unapokaa na mkopeshaji wa namna hii, zungumzia riba kwanza na ukubwa wa rejesho baadaye. Mdaiwa anayekwenda kuomba apunguziwe rejesho huku riba ikiendelea kukimbia anaomba, bila kujua, alipe zaidi.

Mazungumzo na mkopeshaji wa mtaani

Kiwango hicho cha asilimia 3.5 si cha kubuni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni, na Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa watoa huduma wa daraja la pili, yaani kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana. Majina ya wenye leseni hutolewa kwenye tovuti ya Benki Kuu, basi angalia kabla ya kwenda. Mkopeshaji asiye na leseni ana sababu nzuri ya kutaka jambo liishe kwa amani. Hata hivyo sishauri mtu aitumie hoja hiyo kukataa kurudisha fedha aliyopewa mkononi. Mtaji ni haki ya mwenyewe, na anayeukana hupoteza nguvu ya kujadili riba.

Nenda mwenyewe, mchana, ukiwa na daftari na mtu mzima mnayemheshimu wote wawili. Sema kwa maneno ya wazi: “Mama, fedha yako naijua na sijaikana. Ulinipa laki tatu, na miezi miwili hii nimekuletea laki moja na ishirini ya riba. Naomba tusimamishe riba kuanzia leo, nami nikuletee elfu themanini kila tarehe 28 mpaka laki tatu yako iishe.” Kwa mpango huo deni linakwisha katika miezi minne, na wa mwisho ni wa elfu sitini. Asipokubali kusimamisha riba, shuka kwenye ombi la pili, yaani riba isizidi ile inayoruhusiwa. Usitaje kiasi kikubwa kuliko kilichopo kwenye daftari hata akipandisha sauti, kwa kuwa ahadi ya laki na nusu utakayoivunja mwezi wa pili itakuharibia zaidi ya elfu themanini unazoweza kuzileta kila mwezi.

Mkikubaliana, andikeni. Karatasi ionyeshe salio la siku hiyo, kwamba riba imesimama au ni kiasi gani, rejesho la kila mwezi na tarehe zake, saini zenu na za mashahidi. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa akiweka saini na muhuri ni bora zaidi. Kuanzia hapo lipa kwa njia inayoacha kumbukumbu, kama benki au simu, na ukilipa taslimu udai saini papo hapo. Kama alishika kadi yako ya benki na namba ya siri, omba airudishe, na akikataa nenda benki ukaifunge kadi hiyo na kuchukua nyingine, ukimweleza kwamba marejesho yatafuata makubaliano. Mshahara ukiwa mikononi mwa mtu mwingine, hakuna mpango wowote unaoweza kuusimamia.

Benki, SACCOS na kikoba

Benki inasikiliza zaidi kabla rejesho halijachelewa. Umepunguziwa mshahara, umeumwa, biashara imeungua: peleka barua wiki hiyo hiyo pamoja na vielelezo, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Barua haihitaji maneno mengi:

“YAH: OMBI LA KUPANGIWA UPYA MAREJESHO YA MKOPO. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wako mwenye akaunti namba (andika namba yako). Kutokana na kupungua kwa kipato changu, kama inavyoonekana katika viambatisho, sitaweza kulipa rejesho la sasa la shilingi 180,000 kwa mwezi. Naomba muda wa mkopo uongezwe ili rejesho liwe shilingi 110,000, na naomba nielezwe kwa maandishi jumla nitakayolipa chini ya mpango mpya.”

Sentensi ya mwisho isiachwe, kwa maana kuongeza muda hupunguza rejesho na huongeza riba ya jumla, na ni haki yako kuona tofauti kabla ya kusaini. Ukiambiwa uchukue mkopo mkubwa zaidi utakaofuta wa zamani na kukuachia fedha kidogo mkononi, kataa isipokuwa riba yake ni ndogo waziwazi. Usiporidhika na majibu ya benki, malalamiko yako yapeleke kwanza kwenye utaratibu wa malalamiko wa benki yenyewe, kisha Benki Kuu, ambayo ina dawati la kushughulikia malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha.

Kwa SACCOS na kikoba hali ni tofauti, kwa sababu fedha ni ya majirani na wadhamini wako ni watu unaosalimiana nao kila siku. Waambie wadhamini kabla uongozi haujawaambia. Uliza kama akiba au hisa zako zinaweza kufidia sehemu ya deni, na omba ombi lako lijadiliwe kikaoni na liingie kwenye muhtasari.

Unapotishwa

Wanaokopesha kwa simu wameleta adha ya aina yake: kutuma ujumbe kwa kila jina lililo kwenye simu ya mdaiwa, kuanzia mkwe hadi mwajiri, wakimtangaza kuwa tapeli. Mnamo Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kidijitali bila leseni. Ukikutana na udhalilishaji huo, hifadhi picha za ujumbe zikiwa na namba na tarehe, iondolee programu ruhusa ya kusoma majina yako, na upeleke malalamiko kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Waandikie pia waliotumiwa ujumbe huo, kwa ufupi na bila kujitetea sana. Usikope kwenye programu nyingine ili kuinyamazisha ya kwanza.

Deni ni shauri la madai. Kukusanya madeni si kazi ya polisi, na mkopeshaji hana haki ya kuvunja mlango na kubeba godoro na televisheni kwa uamuzi wake mwenyewe. Lakini wito wa mahakama usipuuzwe hata mara moja, kwa kuwa asiyefika husikilizwa upande mmoja. Fika na daftari lako, risiti na makubaliano yenu, kisha omba ulipe kwa awamu. Mahakama ina mamlaka ya kuamuru hivyo. Aliyeweka rehani nyumba azingatie notisi ya benki kuliko barua nyingine yoyote, maana Sheria ya Ardhi inampa siku 60 za kurekebisha hali kabla nyumba haijaweza kuuzwa, na siku hizo ndizo za kujadiliana au kutafuta mnunuzi mwenyewe kwa bei isiyo ya mnada. Asiyemudu wakili atafute wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na TAWLA, chama cha wanawake wanasheria, ni miongoni mwa asasi zinazotoa msaada huo.

Deni moja likiisha, lile rejesho lake lihamishiwe deni linalofuata mwezi huo huo, kabla nyumba haijalizoea. Katika mfano wetu, 80,000 za mkopeshaji wa mtaani zinakwenda SACCOS, na rejesho la huko linapanda kutoka 30,000 hadi 110,000. Kwa kila deni unalolimaliza, dai barua ya kuthibitisha kwamba hudaiwi tena, hati au kadi ya pikipiki uliyoweka dhamana, na karatasi yoyote tupu uliyowahi kuisaini. Kwa mkopo wa benki, rudi baada ya miezi michache uangalie kama kumbukumbu zako za ukopaji zimesahihishwa, na kama bado, peleka nakala ya barua hiyo mahali zinapotunzwa.