Somo: Kumfuga kobe wa maji mwenye mstari mwekundu bila kuvunja sheria za Umoja wa Ulaya

Kwanza, mtambue kobe wako kwa jina la kisayansi, kwa kuwa sheria haijali jina la dukani. Mwenye mstari mwekundu nyuma ya jicho ni Trachemys scripta, na mwenzake wa tumbo la njano yumo katika spishi hiyohiyo, hivyo rangi haimwokoi mtu.

Pili, itafute tarehe uliyompata; hapa ndipo penye uzito wote. Kanuni Na. 1143/2014 ya Umoja huo ilianza kutumika Januari 2015, na orodha ya kwanza ya spishi vamizi 37, yaani viumbe wageni wanaoenea na kudhuru mazingira, kobe huyu akiwemo, ikafuata tarehe 3 Agosti 2016. Aliyekuwa naye nyumbani kabla ya siku hiyo, bila nia ya biashara, anaruhusiwa kumtunza mpaka afe mwenyewe. Wenye maduka walipewa mwaka mmoja kuwauzia watu binafsi wale waliosalia, kisha mlango ukafungwa. Kwa kuwa kobe huyu anaweza kuishi miaka 30 au zaidi, risiti iliyochakaa au kadi ya daktari wa wanyama yenye tarehe ni mali kuliko tangi lenyewe.

Tatu, hakikisha hatoroki wala hazai. Bwawa la bustani lisilozungushiwa ukuta halitoshi, maana kobe huparamia na kuchimba.

Nne, usimuuze, usimpe rafiki, usimwachilie mtoni. Ukishindwa kumtunza, iulize mamlaka ya mazingira ya nchi unayoishi ni kituo gani kinachowapokea.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, ninahama kutoka Antwerp, Ubelgiji, kwenda Köln, Ujerumani. Je, ninaweza kwenda naye?

Jibu: Ndiyo, ndugu yangu, ikiwa ulikuwa naye kabla ya kuorodheshwa. Kifungu cha 31 cha kanuni ile kinaruhusu umsafirishe, mradi asiweze kutoroka. Hata hivyo, nchi yoyote yaweza kuongeza masharti yake, kwa hiyo uliza kabla ya kufunga mizigo.

Swali: Jike wangu anaishi peke yake, lakini ametaga. Nifanyeje?

Jibu: Yaondoe mayai mara moja. Jike aliyewahi kukaa na dume huweza kuhifadhi mbegu zake kwa muda mrefu, na sheria inataka uzazi usiwezekane kabisa.

Swali: Mbona dada yangu aliyeko Marekani anawaona madukani?

Jibu: Bonde la mto Mississippi ni miongoni mwa makazi yake ya asili. Huko, tangu 1975, kinachokatazwa ni kuuza kobe ambaye gamba lake halijafika inchi 4, na sababu yake ni salmonela, bakteria wanaoleta ugonjwa wa tumbo: watoto walikuwa wakiwatia mdomoni wale wadogo.