Kuthibitisha sukari kwenye protini za amiba: mwongozo wa hatua kwa hatua kwa maabara ndogo

Wengi wetu tunaofanya kazi za maabara mkoani Tanga tumelelewa na malaria, na kwa sababu hiyo mtu akitaka kujifunza namna sukari zinavyounganishwa kwenye protini, wazo la kwanza huwa kuchukua vimelea vya malaria. Nashauri uanze na amiba wa udongoni aitwaye Dictyostelium discoideum. Hamwambukizi binadamu, hula bakteria, na mnyororo wa sukari anaoutengeneza unafanana kwa urefu na wetu, kwa hiyo makosa yako utayaona kwa macho. Mwongozo huu umeandikwa kwa mwanafunzi au fundi sanifu maabara mwenye sentrifuji, kifaa cha jeli ya protini na kifaa cha kuhamishia protini kwenye utando wa nitroselulosi. Swali tunalolijibu ni moja: protini hii imebeba sukari, au inaonekana tu kana kwamba imebeba?

Kabla ya kushika pipeti

Ndani ya seli ya amiba huyu, kama ilivyo kwa binadamu na hamira, sukari 14 hupangwa kwanza juu ya mafuta yaitwayo dolikoli: N-asetiliglukosamini mbili, manosi tisa na glukosi tatu. Fungu hilo zima huhamishiwa kwa mkupuo mmoja kwenye asparajini ya protini inayotengenezwa, mradi asparajini hiyo ifuatwe na asidi amino yoyote isipokuwa prolini, kisha serini au threonini. Baadaye glukosi huondolewa na sehemu nyingine hupunguzwa au kuongezwa.

Viumbe wengine wenye seli moja wamepoteza baadhi ya vimeng'enya vya kujenga fungu hilo, na kila mmoja ameishia mahali pake. Entamoeba histolytica, amiba anayeleta kuhara damu, huishia kwenye sukari saba, yaani manosi tano juu ya N-asetiliglukosamini mbili. Giardia hubakiwa na zile N-asetiliglukosamini mbili tu. Jambo hili si la vitabuni peke yake, kwa kuwa ndilo linaloamua utumie lektini gani. Lektini ni protini inayoshika sukari. Ile iitwayo konkanavalini A, ambayo James Sumner aliitenga mwaka 1919 kutoka kwenye mbegu za Canavalia ensiformis, hushika manosi, kwa hiyo inamfaa Dictyostelium na inamfaa Entamoeba, lakini ukiipeleka kwa Giardia kutafuta mnyororo huu huna cha kutarajia; huko utatumia lektini ya kiini cha ngano, inayoshika N-asetiliglukosamini.

Hatua ya kwanza: kuotesha amiba

Amiba huyu huoteshwa kwenye nyuzijoto 22, na joto linapopita 25 huanza kudhoofika. Kwa mji wa pwani kama Tanga, ambako mwezi Februari na Machi chumba kisicho na kiyoyozi hupita 30 bila taabu, kabati la kuoteshea lenye uwezo wa kupoza ni lazima. Mimi huweka ndani yake chupa za maji yaliyogandishwa, kila chupa ikiwa imefungwa kwa kitambaa, ili umeme ukikatika usiku joto lisipande kwa ghafla.

Tandaza bakteria wa Klebsiella pamoja na amiba wachache kwenye sahani ya agari yenye lishe. Baada ya siku mbili au tatu utaona ukungu mweupe wa bakteria ukitoboka matundu angavu, na kwenye ukingo wa kila tundu amiba wanakula. Kusanya seli katika hatua hii. Ukichelewa, chakula kinaisha, nao huanza kuitana kwa kemikali na kukusanyika, na katika muda wa saa 24 hivi utakuta vijiti vyembamba vimesimama, kila kimoja kikibeba tone la spora kichwani, mfano wa kiberiti kilichosimamishwa. Ni jambo zuri kulitazama, nami huwaomba wanafunzi waache sahani moja kwa ajili hiyo, lakini protini za kijiti si zile za seli inayokula, na ukizichanganya hutajua unapima nini.

Hatua ya pili: kuvuna na kuua vimeng'enya

Kwangua amiba kwa bafa baridi ya fosfeti, kisha zungusha kwenye sentrifuji kwa nguvu ndogo, mara 500 ya nguvu ya mvutano wa dunia, kwa dakika nne. Amiba watashuka chini na bakteria wengi watabaki wakielea juu. Mwaga maji ya juu na rudia mara tatu au zaidi, hadi yawe maangavu. Usipuuze kurudia huku, maana bakteria waliobaki wataleta protini zao kwenye jeli yako.

Hapa kuna hatari ambayo wasomaji wengi wa miongozo ya kigeni hawaonywi vya kutosha. Amiba huyu ni mlaji, na seli yake imejaa vimeng'enya vya kumeng'enya protini. Ukipasua seli taratibu na kuiacha mezani, vimeng'enya hivyo vitazikata protini kabla hujazipima, na protini iliyokatwa itaonekana ndogo kana kwamba umeiondolea sukari. Kwa hiyo seli zilizoshuka chini zimwagie bafa ya SDS (sabuni kali inayovunja umbo la protini) iliyokwisha kuchemka, kisha uchemshe kwa nyuzijoto 95 kwa dakika tano. Seli 200,000 kwa kila kijia cha jeli zinatosha.

Hatua ya tatu: kukata sukari

Gawa sampuli mara mbili. Fungu moja litiwe kimeng'enya kiitwacho PNGase F, ambacho hukata mnyororo wote wa sukari kutoka kwenye asparajini. Fungu la pili lipite katika joto lile lile, bafa ile ile na muda ule ule, bila kimeng'enya. Kwa kuwa SDS humuua PNGase F, punguza SDS hadi asilimia 0.5, kisha ongeza sabuni laini ya NP-40 hadi asilimia 1 kabla ya kutia kimeng'enya. Acha kwenye nyuzijoto 37 kwa saa tatu.

Andaa pia sampuli mbili za kulinganishia. Ya kwanza ni ute wa yai la kuku, ambao protini yake kuu, ovalbumini, ina uzito wa takriban kilodaltoni 45 na imebeba sukari zenye manosi. Yai moja kutoka soko la Ngamiani litakutosha mwaka mzima ukiugawa ute na kuugandisha. Ya pili ni albumini ya damu ya ng'ombe, ambayo haibebi sukari ya namna hii. Ute wa yai ukikataa kuonekana, lektini yako imeharibika. Albumini ikionekana, utando wako unashika kila kitu.

Hatua ya nne: utando na lektini

Endesha jeli na uhamishie protini kwenye nitroselulosi kama kawaida. Kinachofuata ndicho kilichoniharibia kazi ya miezi miwili nilipokuwa mwanafunzi. Tulizoea kuziba utando, yaani kufunika nafasi tupu ili lektini isishike utando wenyewe, kwa maziwa ya unga, kama tunavyofanya tunapotumia kingamwili, nami nikafanya hivyo hivyo. Utando ulitoka wa kahawia kote, ukingo kwa ukingo, kwa sababu maziwa yenyewe yana protini zenye sukari na lektini ilizishika zote. Ziba kwa sabuni laini ya Tween 20 ya asilimia 2 kwa dakika chache, kisha tumia asilimia 0.05 katika bafa zote zinazofuata.

Konkanavalini A haishiki sukari bila kalsiamu na manganizi, kwa hiyo bafa iwe na milimola 1 ya kila moja, na iwe ya Trisi, kwa sababu fosfeti itaigandisha kalsiamu ikawa chenga nyeupe. Usitie EDTA hata kidogo, kwa kuwa hunyakua madini hayo. Loweka utando katika lektini ya mikrogramu 25 kwa mililita kwa saa moja ukiutikisa polepole. Kibakuli cha plastiki chenye mfuniko kinafaa kabisa. Osha mara nne.

Sasa huna haja ya kununua lektini ya bei kubwa iliyounganishwa na rangi. Peroksidasi, kimeng'enya cha kutoa rangi kinachotumika kwenye maabara nyingi, yenyewe imebeba manosi, na konkanavalini A ina mikono minne: baadhi imeshika protini yako, iliyobaki itaishika peroksidasi. Loweka utando katika peroksidasi tupu ya mikrogramu 50 kwa mililita kwa saa moja, osha, kisha tia DAB, kemikali ambayo peroksidasi huigeuza kuwa rangi ya kahawia, na hidrojeni peroksaidi. Vaa glovu, kwa kuwa DAB inashukiwa kusababisha saratani.

Utando wa pili, unaofanana kwa kila kitu, ulowekwe katika lektini iliyochanganywa na methili-manosidi ya mola 0.2, sukari ya jamii ya manosi inayojaza mikono ya lektini. Mstari unaopotea hapo ulikuwa wa sukari. Mstari unaobaki haukuwa.

Kusoma matokeo

Protini iliyong'aa, yaani iliyotoa mstari wa kahawia, ikazimwa na methili-manosidi, na ikazimika pia baada ya PNGase F, imebeba sukari kwenye asparajini. Kwa kuwa lektini haina tena cha kushika, kushuka kwa protini kutafute kwenye jeli iliyotiwa rangi ya protini zote au kwa kingamwili: tarajia takriban kilodaltoni mbili kwa kila mnyororo. Kwa Giardia mnyororo una uzito wa daltoni 424 hivi, na jeli ya kawaida haiwezi kuuonyesha.

Ikiwa protini imeng'aa na PNGase F haikuibadilisha, usiandike kwamba haina mnyororo wa asparajini. Dictyostelium huweka fukosi kwenye sukari ya kwanza kabisa, kwa kiungo cha alfa-1,3, na fukosi ikikaa hapo PNGase F hushindwa kupita. Ndugu yake, PNGase A, hupita, ila hufanya kazi vizuri zaidi protini ikiwa imekatwa vipande kwa tripsini kwanza.

Ikiwa protini haikung'aa kabisa, kumbuka Skp1. Protini hiyo haipiti katika njia ya dolikoli. Hubaki kwenye sitoplazimu, prolini yake moja huongezewa oksijeni, na juu yake hujengwa sukari tano, mojamoja. Kwa njia hiyo amiba huhisi kiasi cha oksijeni kilichopo, na seli zisizo na kimeng'enya cha kwanza cha njia hiyo huhitaji oksijeni nyingi zaidi ili kusimamisha kijiti. Konkanavalini A haina cha kushika hapo, na hakuna PNGase itakayoigusa. Skp1 hutafutwa kwa kingamwili zake au kwa kupima uzito wa vipande.

Piga picha ya utando ungali na maji, ukiwa na rula pembeni, kwa sababu rangi ya DAB hufifia utando unapokauka na mistari hafifu ndiyo hupotea kwanza.