Sabuni ya maji ya chumvi: jinsi ya kujijengea jina kwa wateja wa visimani Mombasa

Bomba likikauka Mombasa, watu hurudi kisimani. Visima vya kisiwani vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, kwa hivyo maji yake yana chumvi na chokaa. Sabuni ya kipande ikikutana na chokaa hugeuka utando mweupe unaoganda kwenye beseni, povu halionekani. Watengenezaji wengi wa sabuni ya maji huijaribu kwa maji matamu tu. Mteja wako ni yule wa kisimani, na anayeijua tabu yake kuliko wote ni mama fua, yule anayelipwa kufua nguo za watu.

Jina na lebo viache kwanza. Chota maji visima vitano vya mitaa tofauti: Majengo, Mji wa Kale, Kisauni, Likoni, Changamwe. Tia robo lita kwenye chupa ya nusu lita, ongeza nusu kijiko cha chai cha sabuni yako, tikisa mara 20, uache dakika 5. Povu likisimama vidole viwili, sawa. Likizama hata kwa kisima kimoja, bado hujawa na bidhaa.

Kwa lita 20 anza na ungaroli (malighafi nzito inayosafisha na kutoa povu) kilo 2, maji matamu lita 17, CDE (ya kuongeza povu) robo lita, na chumvi nusu kilo iliyoyeyushwa kwa lita moja ya maji. Vaa glavu. Koroga ungaroli ukiongeza maji kidogo kidogo hadi mabonge yaishe, kisha CDE, rangi na manukato. Maji ya chumvi yaje mwisho, kikombe kwa kikombe, na huenda usiyamalize. Hapa ndipo wengi huharibu: chumvi huifanya sabuni iwe nzito hadi kiwango fulani, ikipita hapo inakuwa nyepesi kama maji, na ukiongeza tena unazidi kuiua. Dawa yake ni maji matamu na ungaroli zaidi. Ndiyo sababu usichanganyie maji ya kisima. Yana chumvi yake usiyoipima. Usisahau dawa ya kuzuia kuoza, kwa kipimo cha muuzaji, maana joto la Pwani halina huruma. Acha ilale usiku mmoja povu litulie.

Sasa wape mama fua kumi nusu lita kila mmoja, bure, na urudi baada ya wiki. Usiulize "ni nzuri?", watakujibu ndiyo kwa heshima. Uliza imebaki kiasi gani, na nguo ngapi zimefuliwa. Mama fua ndiye humwambia mwenye nyumba anunue sabuni ipi.

Jina liwe lile mtoto akitumwa dukani halimpotei njiani. Lebo iseme jambo moja: "Yatoa povu kwa maji ya chumvi." Usiandike inaua viini kama haijapimwa. Tumia stika ya plastiki. Ya karatasi hubanduka siku ya kwanza karibu na beseni. Chupa za soda usizitumie kabisa, mtoto atakunywa.

Kabla ya kupeleka madukani, tafuta alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na leseni ya kaunti. Jina lisajili kama alama ya biashara KIPI, taasisi ya serikali inayosajili alama hizo, katika daraja la 3, ambalo ndilo la sabuni. Usajili hudumu miaka 10 na unahuishwa. Andika vipimo vya kila pipa na tarehe. Pipa moja jepesi likitoka, mtaa mzima utasema umeanza kuongeza maji.