Seva inayonenepa kila usiku

Seva yetu, iliyoandikwa kwa C, hupokea taarifa za malori yanayotoka Malaba kuja Kampala. Ikiwashwa inakula megabaiti 60 za kumbukumbu (RAM), kisha inazidi kupanda. Siku ya tatu kerneli, kiini cha mfumo endeshi, inaiua kwa kuwa kumbukumbu imekwisha. Tulizoea kuiwasha upya saa nane usiku. Huko ni kupiga deki huku bomba liko wazi.

Kwanza, hakikisha kweli inavuja, yaani inachukua kumbukumbu bila kuirudisha. Kila dakika 5 hifadhi kwenye faili jibu la `ps -o rss= -p` ukiongeza namba ya mchakato: hiyo ni RSS, kumbukumbu ambayo programu inaikalia kwa sasa, kwa kilobaiti. Seva yenye kashe (data iliyowekwa karibu kwa matumizi ya tena) hupanda kisha hutulia. Inayovuja haitulii.

Pili, kabla ya kugusa msimbo, tafuta ni tendo gani linalovujisha. Hatua hii wengi huiruka, nami niliiruka wiki mbili nzima. Nilituma miunganisho 1,000 iliyoagana vizuri: RSS haikusogea. Nikatuma mingine 1,000, kila mmoja nikaukata katikati ya ujumbe, kama lori linapopoteza mtandao ndani ya msitu wa Mabira. Ikapanda karibu kilobaiti 16,000. Gawanya: 16 kwa kila muunganisho. Na bafa yetu ya kusomea, yaani nafasi ya kumbukumbu inayopokea ujumbe, ambayo tunaijaza sifuri kwa memset, ni kilobaiti 16. (Isingejazwa, RSS ingepanda kidogo tu, maana kurasa zisizoguswa hazihesabiwi.)

Tatu, endesha seva ndani ya Valgrind, zana ya kusaka uvujaji, kwa `valgrind --leak-check=full`, kwenye kompyuta yako, si kwenye seva ya kazi: huchelewesha programu hata mara 20 au 30. Katika ripoti yake anza na "definitely lost" (kilichopotea kabisa). Ilinipeleka hapa (`n` ni jibu la kusoma soketi, `fd` ni soketi yenyewe):

```
if (n <= 0) {
    close(fd);
    return;
}
```

Soketi imefungwa, bafa imesahauliwa. `free(buf)`, inayoachilia bafa, ilikuwa chini kabisa ya funksheni, ambako mteja aliyekatika hafiki. Sasa makosa yote huenda `goto safisha`, na kila kitu huachiliwa hapo. Waliofundishwa kuichukia goto wanisamehe.

Kisha rudia jaribio lile lile la kukata.

Sasa maswali ya wasomaji, kila mmoja na mji wake.

Mbale: Mwalimu, Valgrind haioni kilichopotea, lakini RSS inapanda.
Basi kuna kitu bado kimeshikwa, mara nyingi jedwali la vikao lisilofutwa. Tazama "still reachable" (kinachofikika bado). Kama programu ina nyuzi (threads) nyingi, jaribu pia `MALLOC_ARENA_MAX=2`, inayopunguza mafungu ya kumbukumbu yanayotengewa nyuzi.

Arua: Nimeachilia kila kitu, mbona RSS haishuki?
`free` humrudishia malloc, mgawaji wa kumbukumbu ndani ya programu, si lazima kerneli. Kata 1,000 nyingine, ndugu, isipopanda, umepona.

Jinja: Mimi naandika Go. Hayanihusu?
Yanakuhusu, dada. Gorutini (kazi ndogo inayokwenda sambamba na nyingine ndani ya Go) inayosubiri ujumbe usiokuja haizolewi kamwe, pamoja na vyote ilivyoshika. Fungua pprof, zana ya Go ya kuchunguza programu, uhesabu gorutini kabla na baada ya kukata.